Mbuzi wa Kusafisha Pori: Tulichojifunza Kwenye Ekari Tatu Hapa Kabanga

 

Kuna swali ambalo haipiti wiki bila kuulizwa na kijana aliyepata shamba jipya, awe wa hapa Kabanga au wa upande wa Kibondo: "Bwana shamba, hili pori nitalisafishaje kabla mtaji haujakata?" Mara nyingi anayeuliza ameshafyeka mara moja na ameshalipa vibarua. Halafu mvua mbili tatu zimenyesha, visiki vimechipua, na pale palipokuwa na shina moja sasa pana machipukizi kumi. Yuko pale ameshika kiuno. Mwenzake wa jirani anamwambia achome moto. Mwingine anamwambia apige kiuagugu.

Leo tuongee habari ya mbuzi. Najua wengine mtacheka, maana kwetu sisi mbuzi ndiye mharibifu namba moja wa shamba, na kesi zake zinajaza daftari la mtendaji wa kijiji. Ni kweli. Mdomo huohuo unaomaliza mihogo ya jirani ndio unaoweza kumaliza kichaka chako. Tofauti iko kwenye nani anaamua mbuzi ale wapi, kwa siku ngapi, na atoke lini. Ukimwachia mbuzi aamue mwenyewe, utapata hasara mbili: pori litabaki na ardhi itachoka. Hili nimelijua kwa kukosea, na nitawasimulia.

Kijana mmoja na wenzake wawili walipata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Wakakodi ekari tatu kwenye mteremko, shamba lililolala karibu miaka minane. Mpango wao ulikuwa maharage, soya baadaye. Mwaka wa kwanza walifyeka mara mbili, na mara zote mbili pori lilirudi. Walipokuja ofisini kwangu hela ya vibarua ilikuwa imebaki ya kufyeka nusu tu, na marejesho ya mkopo hayangojei visiki vife. Mmoja wao kwao kuna mbuzi 14. Nikawaambia, "Waingizeni mbuzi." Ndivyo nilivyosema, na sikuongeza maelezo. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Ilikuwa Julai. Mbuzi 14 wakaachiwa ekari zote tatu, asubuhi wanaingia, jioni wanatoka, wiki tatu mfululizo, na mtoto wa shule akiwa ndiye mchungaji. Nilipokwenda kutazama nilitamani kurudi nilikotoka. Chini karibu na njia, penye ukoka na majani laini, ardhi ilikuwa wazi kabisa, vumbi tupu. Juu penye lantana na visiki vikubwa hakuna kilichoguswa. Katikati walikuwa wamekula machipukizi mara moja, wakaondoka, na yalikuwa yanarudi kwa furaha. Na siku ya tatu ya wiki ya mwisho waliingia kwenye mihogo ya jirani. Vijana wakalipa fidia mbele ya mtendaji. Jirani alikuwa na haki yake, sina la kusema.

Kwa hiyo kabla sijawaambia tulifanya nini baadaye, tuelewe kwanza kisiki kinaishije.

Kwa nini ukifyeka, pori linarudi nene zaidi

Miti mingi ya miyombo ya huku kwetu haiishi juu ya ardhi, inaishi chini. Ukikata shina, mizizi bado ina akiba ya chakula iliyowekwa miaka mingi. Kisiki kinachukua akiba hiyo na kusukuma machipukizi. Kwa wiki kadhaa za mwanzo yale majani mapya hayairudishii mizizi kitu, yanakula tu ile akiba. Yakishakomaa ndiyo yanaanza kurudisha chakula chini. Sasa ukisubiri mpaka yakomae ndiyo ufyeke tena, umeshachelewa: ghala limejaa upya. Ndivyo wanavyofanya wengi, wanafyeka mara moja kwa mwaka, na kisiki kinawashukuru.

Dawa yake ni kuyaondoa majani yale yakiwa bado machanga, halafu yakirudi uyaondoe tena, na tena. Kila mara mizizi inatoa na hairudishiwi. Kwa panga, kazi hiyo ni gharama isiyoisha. Kwa mbuzi, chipukizi changa ndicho chakula anachokipenda. Ng'ombe anavuta nyasi kwa ulimi na kukiacha kichaka. Mbuzi ana midomo myembamba inayochambua jani katikati ya miiba, anasimama kwa miguu ya nyuma, na tumbo lake linavumilia ukakasi wa majani ya miti kuliko la ng'ombe.

Jambo hili si geni hapa nchini. Mwaka 1942 watafiti Staples, Hornby na Hornby walichapisha kwenye jarida la kilimo la Afrika Mashariki matokeo ya kulinganisha mbuzi na ng'ombe kwenye malisho mchanganyiko ya nyasi na vichaka, kazi iliyofanyika Mpwapwa, Dodoma. Kwa ng'ombe peke yao, kichaka kinapata nafasi kwa sababu mshindani wake, nyasi, ndiye anayeliwa. Kwa mbuzi waliodhibitiwa, kichaka ndicho kinachobanwa. Wenzetu wa ng'ambo siku hizi wanawalipa wenye mbuzi kwa kazi hii: Google walikodi mbuzi wapatao 200 mwaka 2009 kwenye makao yao makuu kule California, na uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, ulianza mwaka 2013 kuwaweka kwenye maeneo ambayo mashine zinashindwa kufika.

Lakini Dodoma hiyohiyo ina upande wa pili. Kule Kondoa ardhi ililiwa na mifugo na kuchimbwa na maji mpaka Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Mbuzi walikuwemo. Mifugo mingi, muda mrefu, mahali palepale, hakuna kupumzika. Kwa hiyo mtu akikwambia mbuzi anatengeneza ardhi, na mwingine akikwambia mbuzi anaua ardhi, wote wawili wameona kweli. Waulize mbuzi walikaa siku ngapi.

Hesabu ya majani na midomo

Chukueni daftari. Hapa ndipo wengi wanaruka.

Mbuzi wa kienyeji mwenye kilo 25 anakula kwa siku chakula kikavu kama asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake, yaani chini kidogo ya kilo moja. Majani mabichi yana maji mengi, hivyo kwa majani mabichi mhesabu kilo 4 kwa siku.

Sasa pimeni shamba. Pima mraba wa mita 2 kwa mita 2 mahali pa kawaida, si pazuri sana wala pabaya sana. Vunja majani na vijiti laini vyote ambavyo mbuzi anaweza kufikia na kula, tia kwenye kiroba, pima kwenye mzani. Rudia sehemu tano, tafuta wastani, gawa kwa nne upate kilo kwa kila mita ya mraba. Kwa vijana wetu tulipata karibu nusu kilo.

Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Mara nusu kilo, ni kilo 2,000. Mbuzi 20 wanakula kilo 80 kwa siku. Gawanya: siku 25 kwa ekari. Ekari tatu, siku 75.

Halafu ukate shamba vipande. Robo ekari ina kilo 500, mbuzi 20 wanaimaliza ndani ya siku sita hivi. Ekari tatu ni vipande 12. Angalieni uzuri wa hesabu hii: ukitoka kipande cha 12, kipande cha kwanza kimepumzika zaidi ya siku 60. Kimechipua, na machipukizi bado machanga. Unarudi pale ukiwa na sababu ya kurudi.

Kwa nini tuwabane kwenye robo ekari badala ya kuwaachia zote tatu? Kwa sababu mbuzi mwenye nafasi ni mchaguzi kama mtoto kwenye sahani ya pilau, anachambua nyama na kuacha wali. Akibanwa na wenzake 19 kwenye eneo dogo anakula kabla hajanyang'anywa, na anafika mpaka kwenye majani asiyoyapenda sana. Siku sita pia zina faida ya afya. Mayai ya minyoo yanayotoka kwenye kinyesi yanahitaji karibu wiki moja kuwa viluwiluwi vinavyoweza kumwambukiza mbuzi. Ukihama kabla ya hapo, unawaacha minyoo nyuma.

Vijana wakaazima mbuzi sita kwa shangazi wa mmoja wao kufikisha 20. Tukaanza upya mwanzoni mwa Septemba, wakati miyombo inatoa majani mapya yale mekundu kabla mvua haijaanza. Kabla mbuzi hawajaingia kipande chochote, kila kitu kilichozidi urefu wa mtu kilikatwa mpaka usawa wa goti. Msikwepe kazi hiyo. Mbuzi akisimama anafikia kama mita 1.8, zaidi ya hapo mti unaendelea kulisha mizizi yake kwa amani huku yeye akiusafishia chini. Matawi yaliyokatwa ndiyo yakawa uzio: yanapangwa kuzunguka kipande, majani yakielekea ndani, yenye miiba kwa chini ambako mbuzi anapenyeza kichwa. Kipande kikiisha, matawi yanaburutwa mbele. Kwa kweli ni kazi, asikudanganye mtu. Lakini ni kazi ya watu wawili asubuhi moja kila siku ya sita, si vibarua wanane wiki nzima.

Na kamba je?

Mwenye mbuzi watatu au wanne hana haja ya uzio. Mbuzi hula urefu wa kamba yake, na sisi leo tunaupima urefu huo. Kamba ya mita 4 inampa duara la mita za mraba 50. Kwa shamba la nusu kilo kwa mita, hizo ni kilo 25, chakula cha siku sita. Ila usimwache siku sita mahali pamoja; atachafua kabla hajamaliza na atakataa. Hamisha kigingi kila siku, duara jipya liguse la zamani.

Kamba iwe na pete ya chuma inayozunguka kwenye kigingi, la sivyo itajisokota mpaka mbuzi abaki na nusu mita. Usimfunge karibu na kisiki kirefu wala kwenye ukingo wa korongo, nimeshuhudia mbuzi aliyejinyonga kwa kuruka ukingo. Kivuli saa za mchana, maji mara mbili. Na mbuzi aliyefungwa hawezi kumkimbia mbwa, kwa hiyo awe machoni pa mtu.

Pale ambapo mbuzi hatakiwi kukanyaga

Kahawa: hapana. Mbuzi anakula majani ya kahawa, na mnaijua hata ile hadithi ya Ethiopia ya mchunga mbuzi aliyeigundua kahawa kwa kuwaona mbuzi wake wakichangamka. Na kama shamba limepigwa dawa ya kopa, kondoo ndiye yuko hatarini zaidi kwa sababu mwili wake hauwezi kabisa kuzidishiwa kopa. Msiseme "basi tutaweka kondoo."

Migomba: hapana, jani la mgomba ni karamu.

Parachichi: hapa naomba mnisikilize vizuri, maana vijana wengi mmeingia kwenye parachichi. Majani yake yana sumu kwa mbuzi. Yanaharibu kiwele na yanaweza kuudhuru moyo. Hivyo mbuzi kwenye parachichi ni hasara pande zote, atabandua magome ya miche yako na yeye mwenyewe ataumwa.

Michikichi: inategemea umri. Tangu Serikali iamshe zao hili mwaka 2018 na TARI Kihinga kuanza kusambaza miche bora, kuna mashamba mengi machanga mkoani kwetu. Mchikichi ambao makuti yake bado yanafikiwa na mbuzi aliyesimama, usimlete. Ukishapanda juu kabisa, mbuzi au kondoo wanaweza kusafisha chini kwa kuchungwa, huku mtu akiangalia magome.

Shamba la mahindi baada ya kuvuna ni sawa kabisa, na hapo faida ni kumaliza magugu kabla hayajaangusha mbegu. Lakini mtama uliokatwa na kuchipua tena ni sumu, una saianaidi, na majani ya mihogo michungu vilevile.

Porini kwenyewe kuna vitatu vya kuogopa: lantana, mbono kaburi na dege la msitu, lile jani kama manyoya linaloota kwenye udongo wenye tindikali. Mbuzi mwenye chaguo atavipita. Tatizo la kuwabana kwenye robo ekari ni kwamba unamnyima chaguo. Njaa ikizidi atakula lantana, ini litaumia, na utamwona ngozi ya pua na masikio inababuka juani. Kwa hiyo lantana ing'oeni kwa jembe kabla hamjawaingiza, ama waondoeni siku chakula kizuri kinapoisha, msingojee kila kitu kiishe. Mimi nawaambia vijana: robo ya majani ikibaki, fungua uzio.

Na msitarajie miujiza. Ndago iko chini ya ardhi, sangari vilevile. Mbuzi anawanyoa tu. Hao ni wa jembe.

Mteremko, maji na mininga

Shamba la vijana linashuka mpaka kijito kinachoingia Ruchugi, na Ruchugi inakwenda Malagarasi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tulizipima hizo 60 kwa kamba, na vipande viwili vya mwisho vikafupishwa. Kijana mmoja alinung'unika kwamba tumemnyang'anya karibu robo ekari. Nikamwambia maharage yaliyopandwa pale yatavunwa na watu wa Uvinza.

Mvua kubwa zilipoanza tulibadili utaratibu. Penye mteremko mkali mbuzi walikaa siku tatu badala ya sita na uzio ulifunguliwa mara tu tulipoanza kuona udongo kati ya majani. Kwato za mbuzi kwenye udongo uliolowa zinachora njia, na maji yakishapata njia hayaiachi. Matawi ya uzio wa zamani hatukuyachoma, tuliyalaza kwa kukingama na mteremko, yakawa yanakamata udongo.

Kulikuwa na mininga michanga saba. Mbuzi hajui mninga ni mali. Kila mmoja ukazungushiwa miiba. Ukitaka mti wowote ubaki, uzungushie kabla, si baada.

Na mimi naona hapa ndipo mbuzi anaushinda moto. Moto unaochoma pori la Septemba hausomi mipaka, unaingia kwenye mizinga ya nyuki ya mwenzako, na majivu yakishapeperuka unabaki na udongo uchi unaongojea mvua ya kwanza. Visiki vyenyewe haviui, vinachipua kama kawaida. Kiuagugu sikipingi, kina mahali pake, ila kwa ekari tatu za visiki kingemaliza mkopo wote.

Afya ya mbuzi na karatasi ya makubaliano

Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo kabla hujachanganya mbuzi wa nyumba mbili. Hili halina mjadala. Shangazi alitaka kukataa kutuazima wake sita kwa sababu hiyo, na alikuwa sahihi. Tukasubiri wachanjwe kwanza. Waulizeni maafisa mifugo wa kata zenu kuhusu homa ya mapafu pia, na kama eneo lenu lina mbung'o, habari ya ndorobo.

Kila wiki funua kope la chini la kila mbuzi. Ndani pakiwa pekundu au pinki ya kukolea, sawa. Pakipauka kuwa peupe, minyoo inanyonya damu, mtibu huyo. Usiwape dawa wote kila mara, utafuga minyoo sugu. Jiwe la chumvi liwepo, maji yawepo.

Chagua wafanyakazi. Madume waliohasiwa ndio bora, hawana mimba wala mtoto wa kunyonyesha, kazi yao ni kula. Jike aliyekaribia kuzaa au anayenyonyesha asiwekwe kwenye kichaka kikavu, atakonda na mtoto atakosa maziwa. Na mbuzi akitoka kwenye pori lenye mbegu zilizokomaa, alale zizini siku tatu nne kabla hajaingia shamba safi, maana mbegu ngumu hupita tumboni na kutoka zikiwa hai. Kishona nguo hana hata haja ya tumbo, anapanda manyoya.

Kukodi kunaanza kuwa biashara kichwani mwa vijana hawa. Kama na wewe unalifikiria, andikeni. Nani anachunga? Mbuzi akifa analipa nani, na akifa kwa ugonjwa je, ni sawa na akifa kwa mbwa? Wakiingia kwa jirani fidia ni ya nani? Wanalala wapi? Na samadi ni ya nani? Hilo la mwisho mtalicheka, lakini vijana na shangazi walikaa siku mbili hawasemeshani kwa ajili ya samadi ya zizi la muda. Mwishowe wakagawana viroba, nusu kwa nusu, na shangazi akachukua vya kwanza.

Tulipofikia

Mzunguko wa kwanza uliisha katikati ya Novemba. Vipande vinne vya kwanza, yaani ekari moja, vilipitiwa tena mara mbili mpaka mwanzoni mwa Januari. Mzunguko wa pili majani yalikuwa machache, siku mbili tatu tu kwa kipande. Hatukufuata kalenda tena, tulifuata machipukizi, yakifika goti mbuzi wanaingia. Ile mara ya tatu visiki vingi vidogo vilikuwa vimekauka, ukivipiga teke vinalegea. Vikubwa havikufa, na sikutegemea vife ndani ya miezi minne. Vinataka msimu mwingine, labda miwili.

Ekari hiyo moja wakaing'oa visiki kwa jembe na sururu, watu watatu, bila kibarua. Samadi ikatawanywa. Mwanzoni mwa Machi wakapanda maharage, ekari moja badala ya tatu walizoandika kwenye andiko la mkopo. Tulikwenda pamoja kwa afisa maendeleo ya jamii kueleza, na marejesho ya kwanza wakayalipa kwa kuuza madume wawili mnadani, hao hao waliofanya kazi. Walikuwa wamenenepa, kusema kweli, kuliko walipoingia.

Ekari mbili zilizobaki bado ni za mbuzi. Kipande cha saba kina lantana tuliyoiruka kwa uvivu Septemba ile na sasa imetoa maua. Jumamosi tunakwenda kuing'oa, na mwenye jembe la akiba anakaribishwa.

Wiki ijayo nitajibu maswali yenu kuhusu kuhasi, kwa sababu nimeona wengi mnatumia mpira bila kujua umri unaofaa.